Ishirini, Thelathini na Simu ya Baba Mdogo

Krismasi ya mwaka 2024, nyumbani Kibosho, baba yangu mdogo alikaa kimya kuliko kawaida yake, na sababu ilikuwa simu. Mdogo wangu alikuwa ameingia usiku uliotangulia kutoka Dar es Salaam, kama tunavyoingia wote kila Desemba, na asubuhi ile, wakati machalari yakiwa bado jikoni, aliiweka simu yake mpya mezani. Ilikuwa Tecno Camon 30. Baba mdogo alikuwa na Camon 20, aliyoletewa na binti yake Desemba ya mwaka uliotangulia, na ambayo mpaka saa hiyo aliitoa mfukoni kwa fahari kidogo. Aliitazama ile ya mezani, akaitazama yake, kisha akasema, "Kumbe mimi nimeachwa nyuma hatua kumi, na hii ndiyo kwanza inatimiza mwaka."

Nilimweleza kwamba hajaachwa hatua kumi bali hatua moja. Camon 20 ilitoka mwaka 2023, Camon 30 ikatoka mwaka 2024, na katikati hakuna ishirini na moja wala ishirini na tano. Kabla ya hapo hesabu ilikwenda kwa utaratibu, 17, 18, 19, halafu 20, ndipo wakaanza kuruka kwa kumi kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu wa heshima, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Sasa mwalimu, kama ni hatua moja, kwa nini wasiiite ishirini na moja?"

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Moshi mjini, na ninapenda kujua jina la kitu limetoka wapi na linafanya kazi gani. Swali la baba mdogo nilirudi nalo mjini. Kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba majina ya simu yanahesabu jambo fulani kwa uangalifu mkubwa, lakini jambo hilo si umri wa simu wala ubora wake. Yanahesabu misimu ya mauzo. Umri wa simu unahesabiwa mahali pengine kabisa, na kwa hapa kwetu sehemu kubwa ya hesabu hiyo inafanyika katika vibanda vya mafundi.

Kuruka namba si jambo la kampuni moja. Infinix, ambayo pamoja na Tecno na Itel ni ya kampuni moja mama ya Shenzhen iitwayo Transsion, ilitoa Hot 12 mwaka 2022 na mwaka huohuo ikatoa Hot 20, kisha 30, 40 na 50. Samsung ilitoka Galaxy S10 ya mwaka 2019 ikaenda moja kwa moja S20 mwaka 2020, na kwa haki niseme kwamba mruko huo una faida kwa mnunuzi, maana tangu hapo namba inafuata mwaka: S23 ni ya 2023, S24 ni ya 2024. Apple haikuwahi kuuza iPhone 9. Mwaka 2017 ilitoa iPhone 8 pamoja na iPhone X, na hiyo X wao wanaisoma kumi, kwa namba za Kirumi, ingawa tangu Himo hadi Boma Ng'ombe sijawahi kumsikia mtu akiisoma vinginevyo isipokuwa "eksi". OnePlus, kampuni ya Kichina, ilitoka 3T ikaenda 5, na kwa Wachina jambo hilo halihitaji maelezo, kwa kuwa katika lugha yao neno lenye maana ya nne linakaribiana kwa sauti na neno la kifo. Xiaomi nayo iliacha 16 mwaka 2025 na kwenda 17, mwezi uleule ambao iPhone 17 iliingia sokoni. Kila mtu aliiona sababu.

Katika haya yote yupo mtu anayesimama mbele ya kabati la kioo dukani na kulinganisha namba, naye kwa desturi ya kawaida kabisa ya binadamu anadhani kubwa ni bora kuliko ndogo. Kampuni zinamjua mtu huyo. Kama jirani anauza thelathini, wewe ukibaki na kumi na tatu utaonekana umelala.

Lakini mfumo unaowapoteza watu wengi zaidi hapa mjini si wa kuruka, ni ule wa Galaxy A, na unawapoteza kwa sababu una mantiki ambayo hakuna anayewaeleza. Zile tarakimu mbili hazisomwi kama namba moja. Ya kwanza inaeleza ngazi ya simu, ya pili inaeleza mwaka wake. A10 na A50 zote ni za mwaka 2019: ya kwanza ya ngazi ya chini, ya pili ya ngazi ya kati. A11 na A51 zikafuata, A12 na A52 zikafuata, na hesabu ikaendelea hivyo hadi A16 iliyotoka mwaka 2024 na A17 iliyotoka mwaka 2025. Kwa mfumo huo A15 ni changa kuliko A50 kwa zaidi ya miaka minne, ingawa hamsini ni kubwa kuliko kumi na tano mara tatu na zaidi. Mwalimu mwenzangu alilipia ujuzi huu kwa fedha zake. Muuzaji mmoja wa simu zilizotumika karibu na stendi kuu alimwekea mezani A15 na A50 kwa bei zinazokaribiana, akamwambia kwamba hamsini ndiyo "kubwa yake", naye akachukua hamsini. Simu yenyewe haikuwa na kosa lolote, katika siku zake ilikuwa simu nzuri sana, lakini siku zake zilianza 2019. Muuzaji sidhani hata kama alidanganya. Nadhani na yeye alikuwa anasoma namba kama sisi.

Halafu kuna maneno yanayofungwa mkiani. Pro, Plus, Max, Ultra na Lite yamezoeleka, na hayana kipimo kinachofanana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo sitapoteza muda nayo. Neno ninalotaka kulisema ni Go. Wanafunzi wangu wanajua kwamba maana yake kwa Kiingereza ni kwenda, na wengi wameniambia kwa uhakika kwamba simu yenye neno hilo ina kasi zaidi. Kwenye simu nyingi za bei nafuu neno hilo linatokana na Android Go, toleo la mfumo ambalo Google ililipunguza uzito kuanzia mwaka 2017 ili liweze kuendeshwa na simu zenye kumbukumbu ndogo. Ni kazi ya maana, nami sina ugomvi nayo. Ila ni sawa na kumwita mtoto Mwepesi kwa sababu alizaliwa na kilo mbili, kisha watu wakadhani ni mkimbiaji.

Google yenyewe ilipata somo la majina mapema kuliko wengine. Matoleo ya Android yaliitwa kwa vitafunwa vitamu, kwa mpangilio wa alfabeti, tangu Cupcake ya mwaka 2009 hadi Pie ya mwaka 2018. Mwaka 2019 wakaacha, wakasema Android 10, basi. Sababu walizotoa zilinifurahisha kama mwalimu wa lugha. Walisema kwamba vitamu hivyo havijulikani kila mahali, na kwamba katika baadhi ya lugha sauti za L na R hazitofautishwi, hivyo msikilizaji hawezi kujua toleo lipi limetajwa. Yeyote aliyewahi kusahihisha insha zilizojaa "kura" mahali pa "kula" atakubali kwamba, kwa mara moja, mtu wa mbali alikuwa ametufikiria.

Sisi wenyewe tumeziita simu kwa namna nyingine. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 ilikuwa na tochi, na tochi ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko kengele yoyote kwa mtu anayeshuka usiku kihambani, kwenye shamba la migomba, hivyo simu za aina hiyo zikawa vitochi hadi leo, hata zile ambazo si Nokia. Baadaye likaja kiswaswadu, kwa dharau kidogo, kisha simu ya tachi, kisha simu janja. Hakuna hata moja kati ya majina hayo lenye namba. Yanaeleza simu inamfanyia nini mwenye nayo, na jina la namna hiyo halichakai kila Machi.

Sasa niingie kibandani. Fundi wangu yuko mtaa wa nyuma ya stendi, ana meza moja, taa moja yenye lenzi, na kabati la droo ndogo ndogo. Nilimpelekea simu ya mwalimu mwenzangu nikamwambia jina lake, naye hakulisikiliza. Aliiwasha, akaingia kwenye mipangilio, akashuka hadi "Kuhusu simu", akasoma namba ya modeli, ndipo akafungua droo. Nilipomuuliza sababu alinionyesha droo zilizoandikwa kwa kalamu nene: A105, A107, A125, A127. "Mwalimu," akasema, "hizi mbili za kwanza mteja ataniambia zote ni A10. Moja ni A10, nyingine ni A10s, na kioo cha hii hakikai kwenye ile. Hizi mbili za mwisho zote ni A12, na hapo hata herufi haijaongezwa."

Hilo la mwisho nilikwenda kulithibitisha, na ni kweli. Galaxy A12 ya kwanza, yenye modeli SM-A125, ilitoka mwishoni mwa mwaka 2020 ikiwa na chipu ya MediaTek. Mwaka 2021 ikatoka nyingine, SM-A127, yenye chipu ya Samsung yenyewe, Exynos 850. Walioifuatilia kwa karibu waliiita A12 Nacho, ila mnunuzi wa kawaida alikuta boksi lililoandikwa A12, akalipa, akaondoka. Ni simu mbili chini ya jina moja. Kwa baba mdogo ilikuwa kinyume chake, simu mbili zinazofuatana kama kaka na mdogo wake zikapewa majina yenye umbali wa kumi.

Katika droo zile nilijifunza kitu kingine ambacho sikukitarajia. Simu inayoishi muda mrefu Moshi ni ile iliyouzwa kwa wingi, hata kama si bora. Simu iliyonunuliwa na watu wengi ina vioo, ina betri, ina mfumo wa chaji wa kubadilisha, na ina simu mbovu za wenzake ambazo fundi amezihifadhi ili azichukulie vipuri. Simu nzuri sana ambayo mjini hapa wanayo watu wanne ikivunjika kioo inasubiri mzigo kutoka Kariakoo, na kioo kikifika kinaweza kuwa na bei inayokaribia ya simu nzima iliyotumika. Kwa hiyo kila modeli mpya inayoletwa bila haja, kila herufi moja inayoongezwa, inapunguza droo. Fundi hawezi kuweka akiba ya vioo vya modeli mia mbili. Anachagua thelathini, na zile nyingine zimekwisha hata kama bado zinawaka.

Betri ni habari yake yenyewe. Simu yangu ya awali, ambayo jina lake halina umuhimu hapa, niliinunua mwanzoni mwa mwaka 2020, na katika mwaka wa nne kioo chake kilianza kuinuka upande mmoja, kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nilidhani gundi imeachia. Fundi aliiweka mezani kwa upole usio wa kawaida, akaniambia betri imevimba na nisiichaji tena hata dakika moja. Betri hizi ni za lithiamu, na zinapozeeka au kupata joto jingi, kimiminika cha ndani huvunjika na kutoa gesi, gesi inakosa pa kwenda, basi mfuko unavimba na kusukuma kioo. Nilizoea kuiacha kwenye chaja usiku kucha chini ya mto, na mchana kuiweka kwenye dashibodi ya gari katika jua la Moshi la Februari. Nilikuwa ninaipika.

Hata bila mapishi hayo betri ina siku zake. Kila mara unapotumia chaji ya jumla ya asilimia mia unamaliza mzunguko mmoja, na uwezo wake hupungua kadiri mizunguko inavyoongezeka. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimesanifiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na zile za iPhone 15 mizunguko 1,000. Mtu anayechaji kila siku anamaliza mizunguko 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu kuisha. Hapo ndipo wengi husema simu "imechoka" na kuanza kuulizia mpya, ilhali kilichochoka ni kipande kimoja kinachobadilishika. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochakaa ili zisizime ghafla. Baada ya malalamiko ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018, na watu wakajionea wenyewe kwamba simu waliyotaka kuitupa ilihitaji betri tu. Enzi za Nokia 3310 ulifungua kifuniko kwa kidole gumba ukatoa betri. Leo imegandishwa kwa gundi, na bila fundi mwenye subira utapasua kioo ukiitafuta.

Kinachobaki ni programu, na hapa mabadiliko makubwa yamekuja hivi karibuni. Oktoba 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka saba kwa Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikaahidi muda huohuo kwa Galaxy S24. Hata A16, simu ya bei ya chini, ilipewa ahadi ya miaka sita. Umoja wa Ulaya umeligeuza jambo hili kuwa sheria: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu inayoingizwa katika soko lao inatakiwa kuwa na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, vipuri vyake muhimu vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo yaendelee angalau miaka mitano tangu hapo. Sheria ya Ulaya haina nguvu Kilimanjaro, lakini simu zilizotumika huko zinafika hapa kama mashati yanavyofika Memorial, soko letu la mitumba. Nina matumaini kidogo na jambo hili, na si kawaida yangu.

Ila ahadi hizi nazo zina mlango wa nyuma, nao ni tarehe. Ahadi ya kampuni kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku modeli inapotoka duniani, si siku uliyoinunua. Ukinunua leo simu iliyotoka miaka minne iliyopita ikiwa na ahadi ya miaka mitano, umebakiwa na mmoja, hata kama boksi halijafunguliwa. Masasisho yakikatika simu haizimi siku hiyo, inaendelea kupiga na kupokea, lakini programu zinaanza kuiaga moja baada ya nyingine. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, toleo la mwaka 2013 lililoitwa KitKat, na kwa mama wa kijijini ambaye wajukuu wake anawaona kwa WhatsApp tu, hicho ndicho kifo cha simu, hata kama tochi inawaka.

Mara moja tu katika nchi hii nimeona uhai wa simu ukiamuliwa na namba yake ya utambulisho, si jina lake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu zote bandia. Wiki zilizotangulia kila mtu mtaani alikuwa akibonyeza *#06#, kupata tarakimu kumi na tano za namba hiyo, iitwayo IMEI, na kuzituma kwenda 15090 ili aambiwe kama simu yake ni halali. Kulikuwa na simu zenye majina ya heshima yaliyobadilishwa herufi moja, na nyingine zenye jina kamili lisilo na kosa hata moja la tahajia, na zote mitambo iliziuliza jambo moja tu, namba yako ni ipi. Zilizokosa jibu zilikufa asubuhi hiyo zikiwa na chaji kamili. Ninakumbuka foleni ya watu wakishangaa mbele ya duka moja mjini, kila mmoja akisoma jina lililoandikwa mgongoni mwa simu yake kwa sauti, kama anayemtajia askari jina la baba yake.

Desemba iliyopita nilimkuta baba mdogo na Camon 20 yake ileile. Mwezi Agosti ilikuwa imemponyoka mfukoni ikaangukia kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, alipokuwa ameinama kufungulia maji migomba, ikakaa humo mpaka alipomaliza kufungulia. Mdogo wangu alimshauri anunue nyingine, akamwambia kwamba sasa kuna Camon 40. Alikataa, akashuka nayo mjini, na fundi wangu akaifungua, akaikausha kwa siku mbili, akaweka betri mpya na kuandika tarehe ndani ya kava kwa kalamu nene, kama anavyoandika kwenye droo zake.

Baba mdogo alilifungua kava lile mbele yetu, akatuonyesha maandishi: 8/25. Mdogo wangu akamuuliza simu hiyo sasa ina miaka mingapi, nadhani kwa kumtania.

"Miezi minne," akajibu, akairudisha mfukoni.